Tuta la Sita Nyuma ya Jiko

...na huyu naye anasema nami kana kwamba sina macho, kana kwamba miche elfu nane ya kahawa imegeuka njano nikiwa nimelala, "subiri rangi itulie, mzee Anatory, usiitikise," basi nasubiri, nimechuchumaa na kikaratasi chembamba kati ya vidole viwili, nimekichovya kwenye kikombe cha maji tuliyoyachuja katika mboji ya kitalu, maji ya hudhurungi kama chai iliyolala, na bwana shamba Rwezaura kasimama juu yangu na kijitabu chake cha rangi, kijana wa Muleba, amenipa shikamoo vizuri kabisa akishuka kwenye lori na kabla sijamaliza marahaba akaniuliza mmefanya nini hapa, mmefanya, kama vile si yeye aliyekuja mwaka jana mwezi wa Juni akasema mwaka huu hakuna udongo, mzee, udongo wa vibanja vya Kihanga una minyoo inayokula mizizi, mtachimba mboji bwawani, ile nyeusi iliyooza chini ya mafunjo, mtachanganya na maganda ya kahawa, hata kiganja kimoja cha udongo kisiingie, nami nikasema kwa heshima ndiyo waitu, nani angesema hapana, na tukashuka bwawani tukachimba mpaka viunoni, mirija ya mafunjo ikitukata mikono, na watu wakipita barabarani wanauliza Anatory anajenga nini kwa matope... ndiyo, nasubiri, rangi haijatulia, naiona.

Anasema mboji ya bwawani ni chachu mno, kwamba haina chakula ndani yake, inashika maji tu kama sifongo, chakula utie wewe kidogo kidogo maana kila ukimwagilia kinashuka chini na kupotea, anasema kama mwalimu wa dini, na mimi hayo nayajua, niliyajua kwa mikono yangu, miche ya kwanza mwezi wa Agosti iligoma, ikasimama na majani mawili mawili, mizizi mifupi, myeusi kwenye ncha, yeye akaleta hivi vikaratasi vyake, kimoja kikawa chekundu kama damu, akasema uchachu huo, tieni majivu, kikombe kimoja kwa debe la mboji, kikombe kimoja basi, tukatia, na miche ikaamka, ikaota majani ya kijani yanayong'aa, hata mzee Rwegoshora alitembea kutoka Nyakatuntu kuja kuitazama, akainama akashika jani kama anashika shavu la mjukuu, akasema hii elfu moja yangu, mvua za Machi zikianza nakuja na watu wa kubeba, na watu wa Kimuli wakasema vivyo hivyo, na mvua ni wiki tatu kutoka leo, na tazama sasa, jani changa limekuwa njano kama karatasi ya bahasha, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, unaona kila mshipa kama ramani, na Rwegoshora atakuja na watu wake na vikapu vyao, nitamwambia nini...

"Ulikuwa unamwagilia kwa maji ya wapi?" anauliza, namwambia ya kijito, yanaletwa kwa debe, anauliza analeta nani, nasema alikuwa Kokubanza, nilimwondoa Jumatatu ya wiki iliyopita. Naye anaandika. Kwa nini anaandika? Swali la maji, anaandika jina la mtu. Nilimwondoa kwa sababu niliona povu, nililiona kwa macho yangu, debe lake lilikuwa na povu pembeni, na ni nani asiyejua sabuni inaua mche, nilimwambia mbele ya kitalu, halafu Jumapili nikasema tena langoni pa kanisa, watu wametoka misa, sikupanga kusema, nilikuwa na hasira, watu wa Kimuli walikuwa wamesimama pale wananiuliza habari za miche yao na mdomo wangu ukasema ni huyu mama, anafulia kwenye madebe ya kitalu, na wote wakageuka kumtazama, amefunga kitenge chake cha Jumapili, mjane, watoto watatu, aliyekuwa anakuja kabla ya umande kukauka na kuvipitia vikopo vyangu vya magome ya migomba kimoja kimoja, kila Jumamosi na maji ya samadi, ameyachuja kwa gunia mara mbili ili yasiunguze, hakuna aliyemwambia ayachuje mara mbili... naye hakupiga kelele, hilo ndilo linaloniudhi, angepiga kelele tungemaliza, alisema taratibu, "Tata Anatory, debe la kufulia na debe la miche sijawahi kuyachanganya. Lakini ukishasema wewe watu watakuamini wewe." Akashika njia. Kemirembe mke wangu hajasema nami neno refu tangu siku ile, ananiwekea ndizi mezani, anakwenda zake shambani, basi, mwanamke na mwanamke.

"Haya, toa," anasema Rwezaura, natoa, nakiinua kwenye mwanga, nilikuwa nangoja nyekundu, naapa nilikuwa nangoja nyekundu, bwawa limerudi na uchachu wake, hivyo ndivyo nilivyojieleza mwezi mzima, mboji chachu, majani njano, tia majivu, bado njano, ongeza majivu... na karatasi si nyekundu, wala si ya machungwa, ni kijani, na kijani chenyewe kinazama kinakuwa buluu mbele yangu kama anga la jioni, na Rwezaura anakisogeza kijitabu chake karibu, anapiga ulimi, anasema hii imevuka, mzee, hii si chachu tena, hii iko upande wa magadi kabisa, mboji ikiwa hivi chakula kimo ndani na mche haukipati, madini ya chuma yamefungwa, ndiyo maana jani changa linakuwa njano na mishipa inabaki, mche una njaa na chakula kiko miguuni pake. Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida. Njaa na chakula kiko miguuni pake. Na mimi nilikuwa naongeza.

Vikombe vingapi? Hajaniuliza bado. Kimoja alisema yeye, mwezi wa Oktoba nikatia kimoja kingine kwa sababu majani yalipauka kidogo wakati wa mvua, Novemba viwili, majivu ya jikoni yakaisha nikaomba ya tanuri la matofali, meupe, laini kama unga, Krismasi nilikuwa natia kwa kiganja bila kupima, jani likiwa njano natia, likizidi natia, na Kokubanza aliniambia siku moja, sasa nakumbuka alivyosimama, debe kichwani, akasema Tata haya majivu si yametosha, nami nikamjibu mimi nimefundishwa na bwana shamba, wewe beba maji... Lakini povu lilikuwepo. Lilikuwepo. Majivu nayo yakikorogwa na maji hutoa povu, mama yangu alifulia kwa majivu miaka yote ya utoto wangu, niliyaona mapovu yale kwenye chungu chake kabla sijaiona sabuni ya dukani, na debe lile lililokuwa na povu, asubuhi ile nilikuwa nimelitumia mimi kubebea majivu na sikulisuuza.

"Sabuni pia inapeleka huku," anasema Rwezaura, anakifunga kijitabu cha rangi kama mtu aliyemaliza hesabu, sabuni kila siku kwa miezi, inatosha kufanya hivi, na ananitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, anataka kunisaidia huyu kijana, anasema nitaandika kwamba mwagiliaji alitumia maji ya sabuni, msimamizi alimwondoa mara alipogundua, ofisini hawatakulaumu, kitalu utabaki nacho, tutasimamisha majivu, tutamwagilia kwa maji ya mvua, tutatia chumvi ya mbolea kidogo sana irudishe uchachu, nusu ya miche itapona, pengine zaidi. Kila kitu amekipanga. Sihitaji hata kudanganya, nahitaji kunyamaza tu, nimechuchumaa hivi hivi, magoti yamekufa ganzi, kalamu yake ya risasi iko juu ya karatasi, "jina lake la ubatizo nani huyo mama?" na jina likishaandikwa limeandikwa, hakuna kitalu cha kahawa Karagwe nzima kitakachompa debe abebe, na hakuna atakayejua, matuta matano haya yote yeye aliyamwagilia, ushahidi wote unamwelekea yeye...

Ila lile la sita. Lile nililopanda nyuma ya jiko langu, miche mia mbili ya kibanja changu mwenyewe, ambayo sikuandikisha kwa mtu, niliyoichagua mizuri kuliko yote na kuificha kwa majani ya migomba, sikutaka mkono wa mtu uiguse, nilimkataza Kokubanza hata kupita pale, nimeimwagilia mwenyewe kwa maji ya mvua ya pipa la bati, tone la kijito halijafika, na kwa kuipenda nikaipa majivu kuliko matuta yote, na asubuhi ya leo nimeifunua, haikuwa njano, ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama majani yaliyoota chini ya jiwe. Nikaifunika tena nikaja kumpokea mgeni. Nilijua, basi. Nilipofunika nilijua, mkono ndio uliojua kwanza, na bado nimekaa hapa nangoja karatasi iniambie jina la mwingine.

"Mzee Anatory, jina lake."

Bado nimechuchumaa. Nasema, "Usiandike, waitu. Twende kwanza nyuma ya jiko langu, kuna tuta ambalo yule mama hajawahi kulimwagilia." Anashusha kalamu, anauliza tuta gani tena, si uliniambia matuta ni matano, nami nasikia sauti yangu inasema ndiyo, nilisema matano, na langoni pa kanisa pia nilisema, nikasema ni yule mama.