Beji za Wardah

Mwanaima, jirani yetu hapa Bofu, anasema aliniona kwa macho yake. Ati niliingia mjini na mfuko mweusi, nikanunua beji za Kichina kwenye duka la urembo, na zile za asili za mdogo wangu Wardah nikampa Mzungu mmoja pale pale barazani. Ati Mzungu alizibusu. Mara ya kwanza aliposimulia, hakukuwa na kubusu.

Wardah yuko Arabuni, analea watoto wa watu. Tajiri yake akiwapeleka watoto kwenye bustani ya mapembea, ndiyo siku pekee anayotoka nje ya ukuta. Kule kuna beji za chuma, ndogo kama kifungo cha koti, zenye picha za rangi. Watu huzikusanya. Ukiwa nayo moja, unaweza kumfuata mfanyakazi wa bustani aliyevaa nyingine kifuani mkabadilishana, beji kwa beji. Wardah alianza na moja aliyoitupa mtoto wa tajiri, akabadilisha na kubadilisha mpaka akapata zile za nadra.

"Da Swabra, hizi ndizo zitakazonirudisha nyumbani," aliniambia. "Uziuze, nije nifungue duka."

Akanifundisha kwa simu namna ya kuzijua feki. Igeuze mgongo. Ya asili ina vichoro vidogo vidogo vinavyokwenda mpaka mwisho. Ya feki vichoro hukomea njiani, ikabaki pambizo kama ya sahani. Na ukipitisha kidole, hukwaruza.

Hayo yote niliyajua siku Talha alipozileta. Talha ni mtoto wa shangazi yetu Mwanamkasi, aliyetulea tangu mama alipofariki. Alikuwa anarudi likizo kutoka huko huko, Wardah akampa amana. Akanikabidhi mfuko umeshonwa mdomo kwa uzi, nikamshukuru, nikauweka chini ya mto. Kwetu amana haifunguliwi mbele ya aliyeibeba. Ni kama kumwita mtu mwizi naye kashika chai yako mkononi. Nikangoja amalize. Akaomba ya pili. Akasimulia joto la kule, akaaga. Ndipo nikafumua uzi na kuigeuza ya kwanza, nikaiona pambizo ya sahani. Ya pili vivyo hivyo. Zote.

Nilimweleza Wardah usiku ule ule. Baada ya siku tatu, alipokwisha kusema na Talha, akanipigia yeye.

"Ulizigeuza mbele yake?"

"La. Ningewezaje?"

"Mimi nilizigeuza kila moja kabla ya kushona. Na Talha yuasema alikupa mfuko haujaguswa."

"Ulishona kwa uzi gani?"

"Mweusi."

"Mimi nimefumua mweupe, Wardah."

"Hayo wasema wewe."

Maneno ya Mwanaima yalikuwa yamekwisha kufika Arabuni. Umbeya hauhitaji pasipoti.

"Niletee mtu mmoja aliyeziona kwa Talha," Wardah akasema. "Mmoja tu. Kama huna, usinipigie tena."

Nikaenda Junda kwa shangazi. Nilimkuta uani anachagua mchele, ushungi kaubana chini ya kidevu kwa beji ya pomboo wa buluu mwenye jicho jekundu. Pomboo huyo Wardah alinisimulia mpaka nikamwota.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au umeshiba maneno ya Mwanaima?"

"Beji nzuri hiyo."

"Talha huyo kaniletea. Ati nisiivae arusini, nitaonewa kijicho." Akacheka.

"Hebu niione."

Akaibandua, akanipa. Nikaigeuza. Vichoro vilikwenda mpaka mwisho. Nikapitisha kidole, laini kama kokwa ya tende.

"Lete, ushungi waniteleza," akasema, naye hacheki tena.

Nikamrudishia. "Alikuwa nazo nyingine?"

"Kitambaa kizima kimebandikwa. Akaja kijana wa Changamwe, akalipa, akazichukua." Vidole vikasimama juu ya mchele. "Aliniambia ni zake."

"Ni za Wardah."

Akaubana ushungi upya. "Talha anaoa baada ya mfungo. Watu wa mke wamekwisha kukubali posa. Wataka nikamvunjie mwanangu?"

"Na Wardah ni mtoto wa nani? Si wewe uliyemnyoa nywele za arubaini?"

Nikatoa simu, nikabonyeza pa kurekodi, nikaisogeza karibu na ungo.

"Sitaki umtaje Talha. Beji zimekwenda, basi zimekwenda. Wardah anaijua sauti yako, hataibishia. Mwambie tu si mimi, shangazi. Mwambie."

Simu ikaendelea kurekodi. Shangazi akainamia ungo, akatoa kijiwe, akakiweka kando, akatafuta kingine.