Maji ya Kitambaa Chekundu

Alikuwa na pini mdomoni na chaki mkononi, akipima nafasi ya jina ambalo bado halikuwa na mwenyewe. Kitambaa cheupe kilifunika meza yote ya kukatia na kuning'inia mpaka karibu na sakafu. Sehemu ya juu alikwisha kuichora mahali pa maneno CHAGUO LETU. Chini yake aliacha uwazi mpana, kwa sababu wajumbe wa tawi la chama wangekutana kesho asubuhi kuamua ni nani wamtakaye agombee urais, na jioni bango lilitakiwa kupanda ukutani likiwa limekamilika.

Mtaani walimwita Bi Bandi. Jina hilo alipewa na marehemu mumewe, kwa kuwa hakuwahi kushona kitu, hata kiraka cha suruali ya shule, bila kukipiga bandi kwanza: ule mshono wa mkono, mrefu na mlegevu, unaoshikilia kitambaa mpaka cherehani ipite. "Huyu hata chai huipiga bandi kabla ya kuikoroga," mumewe alikuwa akiwaambia wateja. Wateja walicheka, na yeye alicheka nao huku sindano ikiendelea na safari yake.

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na jina lake la mtaani lilikuwa Shangwe. Siasa aliipenda kama wengine wapendavyo mpira. Miaka yote ya ndoa yao, ikifika kura, yeye alitangulia kuchagua na mkewe akafuata, si kwa kulazimishwa, ila kwa sababu kumfuata kulikuwa na raha yake. Alipofariki, watu wa mtaa walimpa mjane kiti chake cha ujumbe bila yeye kukiomba. Sasa wajumbe wengine walikuwa wamegawanyika katikati, na kura yake ndiyo ingeinamisha mzani. Tangu Jumatatu kila aliyepita dukani alijifanya ana kifungo kilichokatika, apate kumpigia debe mtu wake.

Binti yake, msusi wa chumba cha jirani, alikuwa ameketi dirishani akikunjua kitambaa chekundu cha kukatia herufi. Yeye hakuwa na kifungo cha kusingizia. Alimtaka Radi, kijana ambaye akipanda jukwaani watu hupanda kuta kumwona. Hata jina lake, alisema, linaenea vizuri kwenye ule uwazi, wakati la mpinzani wake, Mzee Taratibu, lingehitaji kitambaa kingine.

"Tukate leo, mama, tushone leo. Kesho tunapandisha tu."

"Kitambaa hakijalowekwa."

"Kitalowekwa na mvua."

Bi Bandi alitoa pini mdomoni. Maneno hayo aliwahi kuyasikia, na sauti ile pia, isipokuwa ilikuwa nzito zaidi.

Kabla hajajibu, kivuli kiliziba mlango. Aliingia shemeji yake, mdogo wake Shangwe, mwenyekiti wa tawi, mtu aliyestaafu kazi ya kuendesha pampu ya maji. Alisalimia, akaulizia afya, akaulizia cherehani kama mtu anayeulizia mgonjwa, kisha akakaa kwenye stuli ya wateja. Hakuja na kifungo. Alikuja kumsemea Mzee Taratibu, na aliyasema kwa upole: kwamba hotuba zake zinalaza watu, hilo halina ubishi, lakini kila ofisi aliyopita aliiacha na milango inayofunga. Zahanati ya mtaa, iliyoahidiwa na mtu mwingine ikabaki msingi unaoota nyasi, yeye ndiye aliyekuja kuimalizia, tena bila kukata utepe.

"Ngoma ikilia sana hupasuka, mwanangu," alimwambia msusi.

"Na ngoma isiyolia, baba mdogo, ni stuli. Umeikalia hapo."

Mwenyekiti alijitazama alipokaa, akacheka mpaka akakohoa. Katika kucheka huko macho yake yalifika mwisho wa kamba ya nguo zilizokwisha kushonwa. Nyuma ya zote lilining'inia shati la kiume, jeupe zamani, sasa lenye michirizi ya waridi kutoka mabegani hadi kiunoni. Wateja wapya walidhani ni la mtu aliyesahau kulichukua.

"Bado unalo," alisema kwa sauti ya chini.

Bi Bandi alikuwa nalo. Mwaka lilipopata michirizi ile, yeye na Shangwe walikuwa na ndoa changa, na bango la uchaguzi walilishona wao. Yeye alitaka kukiloweka chekundu kwenye maji ya chumvi, kitoe rangi ya ziada. Shangwe hakuweza kungoja; kitalowekwa na mvua, alisema. Walishona usiku kucha bila bandi, cherehani moja kwa moja, wakiimba. Kesho yake, katikati ya maandamano, mvua ilishuka. Jina la mgombea likaanza kutiririka juu ya nguo nyeupe za waliobeba, na Shangwe, aliyeshika mti mmoja wa bango, akawa mwekundu kama mtu aliyechinjiwa kuku begani. Watu walisimama wakiogopa atakasirika. Akainua uso kwenye mvua: "Sasa tumepakwa! Nani atatubandua?" Barabara nzima ikacheka. Aliyeshika mti wa pili ni huyu huyu mwenyekiti.

Mgombea wao alishinda. Hakuwa mtu mbaya. Alijifunza kazi akiwa kazini, na alipoanza kuielewa muda wake ukaisha. Zile nyasi za zahanati zilikuwa za ahadi yake.

"Lakini sijawahi kuwa na siku kama ile tena," shemeji alisema. "Nikisema kweli, hata Taratibu akishinda sitacheza."

Msusi aliona mwanya. Alizungumza bila utani sasa. "Baba angekuwa na mimi, mama. Unajua."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. "Hapo sina la kumpinga."

Bi Bandi alilishusha shati, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. Kiti kilikuwa cha Shangwe. Swali lililomnyima usingizi wiki nzima lilikuwa kama kura nayo ilikuwa ya marehemu.

"Angekuwa na wewe," alimwambia binti yake. "Angekuwa mbele, ameshika mti. Lakini walioniweka pale wananijua mimi ni nani. Nitamchagua Taratibu. Huyo Radi wako sijamkataa. Nataka nimwone kwenye maji kwanza."

Binti alianza kukikunja kitambaa chekundu. Mama yake akamwekea shati mapajani.

"Kavae hili kesho. Mtu mmoja lazima acheze."

Msusi alilishika muda mrefu. Kisha akalivaa juu ya gauni lake la kazi, akakunja mikono, maana ilimpita, akaenda kuleta beseni bila kuambiwa. Shemeji alijaza maji, mama akatia chumvi. Walikizamisha kitambaa pamoja, na maji yakageuka mekundu papo hapo.

"Imetoka rangi nyingi," alisema msusi.

"Tutayabadilisha maji kabla ya kulala, tuyatazame tena asubuhi."

Bango alilikunja kwa uangalifu ili chaki isifutike, uwazi wake ukiwa ndani, akafunika cherehani.