Fito Tatu za Mzee Kiilu

Roketi ya kwanza ya Ndunge ilitua juu ya paa la kanisa pale Ziwani, na ya pili ikaangukia sufuria ya pilau ya wageni wa harusi. Mama Asenath, mtunzaji wa uwanja wa kanisa, si mtu wa maneno mengi, ila siku hiyo aliyamwaga yote. Roketi moja tu ikivuka ua tena, alisema, uwanja unafungwa, na kikundi cha Ndunge na wenzake kitafute pengine pa kurushia vijiti vyao vya moshi.

Pengine wapi? Mtaa mzima ni nyumba kwa nyumba na kamba za nguo. Ndunge alijua ubaya ulipo. Roketi zao ndogo hazikuwa na kitu cha kuzishikilia zinapoanza kupaa, na kila mtu alikuwa ameviringisha karatasi ya roketi yake kwa alichokipata kwao, huyu kwa kalamu, yule kwa mpini wa ufagio, hivyo unene haukulingana. Basi akaamua kujenga mnara utakaozifaa zote: fito tatu za mbao zinazosimama kuizunguka roketi, kila ufito ukisogezwa ndani au nje kwenye kibao cha chini, kisha ukikazwa kwa nati.

Baba yake, Mzee Kiilu, mchongaji wa twiga na vifaru tangu ujanani, alimpa mbao na kumwachia meza yake ya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Ndunge aliinama hadi kiuno kikamlilia. Kibao cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilikaa upande. Kweyu, mwenzake wa kikundi, akachoka.

"Si tuachane na hii maneno?"

"Zii," Ndunge alimjibu. "Hii tunamaliza."

Cha tatu kikakubali.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Mzee Kiilu alikuja uwanjani amevaa koti lake la kanisani, na mnara uling'aa ajabu. Ndunge alisogeza fito mpaka zikaigusa roketi kidogo, akakaza nati, akarudi nyuma, akabonyeza swichi. Roketi ilifoka moshi, ikapanda hadi nusu ya mnara, ikakwama hapo hapo mpaka ikaishiwa nguvu.

"Angalau hii haijavuka ua," alisema Mama Asenath, na watu wakaangua kicheko.

Ndunge alingoja ipoe, akaitoa, akapitisha kidole kwenye ufito. Kilitoka cheusi, kinanata. Harufu ile aliijua tangu utotoni: rangi ya viatu. Ndivyo wachongaji wa kwao wanavyomalizia kazi. Twiga hapelekwi sokoni bila kung'arishwa. Mzee alikuwa amezipaka fito asubuhi bila kumwambia mtu, na jua likaiyeyusha.

Hasira zilimpanda. Kisha akamwona baba yake ndani ya lile koti, na zikageuka uchungu. Kukwangua kazi ya fundi mbele za watu ni kama kumvua nguo. Lakini roketi ilikuwa imebaki moja, na uwanja ni huo huo.

"Baba," alisema akimsogelea, "naomba msasa."

Mzee hakuwahi kutoka nyumbani bila kipande cha msasa mfukoni. Alikitazama kile kidole cheusi, akaelewa.

"Sijawahi kutoa kazi nje kama haing'ai," alisema polepole. "Nilitaka wasikucheke."

"Najua, Baba. Lakini roketi haitaki urembo. Inataka njia."

Hakumpa msasa. Alivua koti akampa alishike, akapiga magoti vumbini, akazikwangua mwenyewe, ufito baada ya ufito, mpaka mbao ikabaki nyeupe.

Roketi ya mwisho ilikuwa nyembamba kuliko ile iliyokwama. Ndunge alilegeza nati, akazisogeza fito ndani, akakaza tena. Akabonyeza. Roketi ikachomoka wima, ikaipita kengele ya kanisa, ikafungua utepe wake na kushuka taratibu ndani ya ua, karibu na miguu ya Mama Asenath.

Mama Asenath aliiokota, akaigeuzageuza. "Mzee Kiilu, kumbe hata mitambo kama hii unaijua?"

Mzee alikuwa bado amepiga magoti, mikono myeusi. Mtaani kote hakuna aliyewahi kumsikia akimwachia mtu mwingine sifa ya kazi.

"Fundi ni huyu," alisema, akimwonyesha Ndunge. "Mimi nilimharibia tu."