Rafu Mbili za Mkunjo

Mtaa mzima ulimwita dobi huyu Mkunjo, kwa sababu hakuna kitu alichokichukia duniani kama mkunjo. Ukikutana naye ukiwa umevaa suruali aliyoinyoosha asubuhi, alikusalimu huku macho yake yakiwa magotini pako. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele, chenye kaunta ya mbao, meza ya pasi iliyovikwa blanketi kuukuu, na ukutani rafu mbili alizozipa majina yeye mwenyewe. Ya juu iliitwa rafu ya wageni. Ya chini, rafu ya marehemu.

Mteja akileta nguo yenye doa, Mkunjo aliipeleka dirishani, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, kisha akatoa hukumu. Tope, chumvi ya jasho, nta ya mshumaa, hao wote walikuwa wageni. Nta alipenda kuionyesha mbele za watu. Aliweka karatasi juu ya doa, akapitisha pasi ya moto, nta ikayeyuka na kuhamia kwenye karatasi, na ilipopoa ungeweza kuibandua ikiwa nta ile ile.

"Unaona?" alisema. "Imelainika, imehama, imeganda tena. Nta ni nta, kitambaa ni kitambaa. Mgeni kaondoka, mwenye nyumba yuko vile vile."

Nguo iliyoungua haikupata maneno matamu kama hayo. "Hapa mwenye nyumba mwenyewe kageuka kitu kingine. Uzi umekuwa mkaa, na mkaa huwezi kuufua ukarudi kuwa pamba." Basi nguo ikashushwa rafu ya chini, na mteja akapewa pole kama aliyefiwa.

Ilikuwa hesabu nzuri, tusimnyime haki yake. Tabu ni kwamba mtu akishapata hesabu nzuri, huanza kuitumia hata pale ambapo hakuulizwa.

Nyuma ya duka, uani, alifanya kazi mke wake, Mama Povu. Yeye ndiye aliyechanganya mafuta na kostiki, ile soda kali inayochoma mikono, akakoroga kwa mwiko mrefu mpaka ikapatikana sabuni ya kufulia nguo zote za duka. Kazi ziligawanyika hivyo tangu walipooana: pasi ya mume, sabuni ya mke. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, lakini Mkunjo aliilinda kama anayelipwa mshahara kwa ajili yake.

Siku ya siku likaletwa gauni jeupe la pamba, refu, lenye mikono iliyotariziwa. Lilikuwa la mama mmoja aliyekuwa anamuoza binti yake wa pekee, na alitaka lisimame lenyewe kwa ugumu. Mkunjo alikuwa ametoka kutafuta waya mpya wa pasi ya akiba. Mama Povu alipoona saa zinakwenda na mume harudi, alilichovya gauni kwenye uji wa wanga wa kukazia nguo, akalianika, kisha akashika pasi.

Mkunjo alirudi akiongozana na mwenye gauni, wamekutana mlangoni. Wote wawili wakaliona kwa pamoja: pajani pa gauni, doa la kahawia lenye umbo la ncha ya pasi.

"Nani kakwambia ushike pasi yangu?" Mkunjo alifoka. Alilinyakua gauni, hakulipeleka dirishani, hakulikwaruza kwa ukucha. Alilitupa moja kwa moja rafu ya chini. "Marehemu huyo! Hapa dobi ni mimi. Wewe ni mchemsha mafuta tu, na hapo ulipofika ndipo mwisho wako!"

Mama wa bibi harusi alishika kichwa. Mama Povu hakupandisha sauti. "Kilichoungua ni uji," alisema. "Niliutia mzito mno. Kitambaa kiko salama chini yake."

"Msikieni!" Mkunjo akacheka, kile kicheko kibaya cha kutafuta mashahidi.

Mama Povu alivua aproni yake, akaitundika kwenye msumari, akatoka kwa mlango wa wateja. Hakubamiza mlango. Alikwenda kwa dada yake, mtaa wa pili. Mwenye gauni naye akaondoka akilia, akisema atarudi kesho kutwa na Mungu awe amefanya jambo.

Mkunjo alibaki na duka lake. Jioni ilipokaribia alilitoa gauni rafu ya chini, si kwa matumaini, ila mikono ilikosa kazi. Alilitia kwenye beseni la maji vuguvugu na kipande cha sabuni ya mkewe. Baada ya muda, lile doa likaanza kulegea kama ukoko wa uji uliogandia sufuriani. Alisugua taratibu. Ukahawia ukamomonyoka, ukaelea, ukaisha. Chini yake pamba ilikuwa nyeupe, kila uzi mahali pake.

Alipiga kelele za furaha akageuka kumwita mkewe. Aproni ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Mkunjo aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaona aibu, aibu ya kweli.

Asubuhi alilikunja gauni, akalibeba mpaka kwa shemeji yake.

"Karibu, shemeji," alisema shemeji mlangoni, akimpima kutoka juu mpaka chini. "Leo shati lako halijaona pasi. Au aliyekuwa anakukumbusha kula na kuvaa hayupo?"

"Shemeji, nipitishe tu, utanicheka nikitoka."

"Nitakucheka ukiingia na ukitoka. Pita."

Mama Povu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinuka. Mkunjo alilikunjua gauni miguuni pake.

"Limetoka lote," alisema. "Ulisema kweli, ulikuwa uji tu. Mke wangu, nisamehe. Twende nyumbani, tuwe kama zamani. Tufanye kama hayakutokea."

Mama Povu alilipeleka gauni dirishani. Alilitazama kwa makini mbele na nyuma, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote.

"Gauni ni lile lile," alisema. "Ulimzika aliye hai. Na mimi je? Mimi utaniweka rafu gani?"

"Ya wageni!" Mkunjo alidakia. "Maneno yale yalikaa juu tu. Yataoshwa."

"Hayakukaa juu. Yaliingia."

Mkunjo aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha. "Basi ndiyo rafu ya chini," alisema. "Ndiyo nimekuua."

"Ona ulivyo. Kwako wewe, kila kisichorudi kilikotoka ni marehemu." Mama Povu alichukua kipande cha sabuni kilichokuwa karibu na beseni la dada yake, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. "Hii ilikuwa nini?"

"Mafuta. Na kostiki."

"Ifue, iloweshe, iyeyushe kwa moto. Utapata mafuta?"

"Sipati. Nitapata sabuni iliyoyeyuka."

"Yale mafuta yenyewe yanatia nguo doa, na ile kostiki inachuna ngozi. Yamekutana, vyote viwili vimetoweka, imekuja hii, na ndiyo inayokulisha. Umewahi kukaa ukayalilia mafuta?"

Mkunjo aligeuzageuza kile kipande. Kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimepita mikononi mwake bila kuulizwa ni cha rafu gani.

"Yule wa zamani hayupo," Mama Povu aliendelea. "Yule aliyekuwa ananyamaza ukimsema mbele ya wateja. Kama umekuja kumchukua yeye, umekuja bure."

"Na huyu aliyepo?"

"Huyu sijamjua vizuri hata mimi. Ninachojua ni kwamba lile neno la mchemsha mafuta anataka alisikie likijibiwa pale pale liliposemwa, na aliyelisikia akiwepo." Akaurudia mchele wake.

Siku mama wa bibi harusi alipokuja, gauni lilikuwa limetiwa uji mwepesi na kunyooshwa upya, linaning'inia nyuma ya kaunta likiwa limesimama wima. Mama Povu naye aliingia, lakini alisimama upande wa wateja, mkoba mkononi, kama mtu aliyekuja kuulizia bei.

Mwenye gauni alikuwa ameshaanza kushukuru. "Dobi, una mikono ya dhahabu! Kumbe hakuna linalokushinda!"

Mkunjo angeweza kunyamaza. Sifa ilikuwa imeshamfika mkononi. Alishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mama, sikushinda mimi. Siku ile nilimwambia mke wangu mbele yako kwamba yeye ni mchemsha mafuta tu. Yeye ndiye aliyejua doa lile ni nini. Mimi sikutazama hata dirishani. Doa limetolewa na sabuni yake, na duka hili linasimama kwa sabuni yake. Nilisema upumbavu, na nilijua ni upumbavu tangu unatoka mdomoni."

Mama wa bibi harusi alimtazama Mkunjo, akamtazama Mama Povu, akalikumbatia gauni lake. "Haya," alisema, "ngoja niende, kabla hamjalilowesha tena."

Walibaki wawili. Mama Povu alizunguka kaunta, akaitoa aproni kwenye msumari. Hakuivaa. Alimtupia mumewe, akaishika pasi, akapima moto wake kwa kidole kilicholowa mate.

"Sogea," alisema. "Uani kuna mafuta yanangoja."

Mkunjo aliivaa aproni, ikambana mbavuni, akaenda uani. Alimimina kostiki kwa woga, akashika mwiko, akaanza kukoroga. Baada ya muda mkono ulianza kumuuma. Ndani alisikia pasi ikipiga mvuke, bila haraka.

"Mama Povu!" aliita. "Nikoroge mpaka lini?"

Pasi ilitulia kidogo.

"Mpaka yakatae kurudi kuwa mafuta."