Benchi la Mama Mektrida

Elimringi alipomaliza kuandika riwaya yake, alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba ingemwaibisha baba yake mdogo mbele ya ukoo mzima, na kwamba haikustahili kuuzwa kwenye duka la Mama Mektrida. Hilo la pili alilisema waziwazi. La kwanza alilifungia moyoni, maana alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu na heshima zake, na hakutaka ijulikane kwamba kurasa zote zile alizikeshea kwa ajili ya kulipiza kisasi.

Duka lenyewe lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, mjini Moshi, kati ya fundi cherehani na muuza mbegu. Dirishani zilipangwa rula, madaftari na kadi za kipaimara. Ndani kulikuwa na rafu tatu za vitabu na benchi refu la mbao, ambalo mtu yeyote aliruhusiwa kukalia na kusoma bila kuulizwa atanunua nini. Mama Mektrida, mwanamke wa Kirua Vunjo aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuwa na tabia ya kumtazama mteja usoni, kisha kumletea kitabu ambacho hakukiomba. Watu waliokuja kununua kalamu walirudi nyumbani na hadithi. Walilalamika sana, na wiki iliyofuata walikuja tena.

Elimringi alitaka mahali pa hadhi. Alianza na duka la vioo la hoteli moja ya watalii. Dada wa pale alikipekua kitabu, akauliza kama kina picha za tembo. Hakikuwa nazo. Za mlima je? Mlima ulitajwa mara mbili, kwa maneno tu. Akashauriwa arudi akishapata picha. Kisha akakitangaza mtandaoni, na huko alipendwa kweli kweli: watu mia nne na kumi na wawili walimbonyezea kidole gumba, sitini walimwandikia "hongera sana mwalimu", na walionunua wakawa watatu, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe, anajaribu kama mfumo unafanya kazi. Mwezi wa tisa akabeba boksi lake begani mpaka kwa Mama Mektrida, ambaye hakuonyesha kushangaa hata kidogo.

"Niachie nakala thelathini," alisema. "Na moja ya benchi."

"Ya benchi ndiyo nini?"

"Ya kusomwa hapa hapa. Hiyo itachafuka, mwalimu, usije ukaniletea maneno."

Sasa, kisasi chenyewe. Kwao Elimringi ni Mwika, na kule mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa, huonyeshwa kwa mstari wa masale, mimea ya majani marefu ambayo kila mtu huiheshimu pale anapotazamwa. Baba yake alifariki Elimringi akiwa na miaka mitano. Haukupita muda, mistari mitatu ya kahawa ya mjane ikakutwa iko ng'ambo ya masale, upande wa jirani yao Filemon. Filemon alikuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo hakuna aliyemfikiria vibaya. Ikasemwa kwamba Ebenezeri, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeuhamisha mpaka na kumuuzia jirani kimyakimya. Ebenezeri alikana mara moja tu, halafu akanyamaza. Filemon naye akanyamaza. Mtoto akakua na hasira zake.

Katika riwaya, Ebenezeri aligeuka kuwa Mzee Eliezeri, jina ambalo Elimringi aliamini hakuna atakayelibahatisha. Alimpa kofia ile ile ya sufu, kikohozi kile kile, na mguu wa kushoto unaochechemea kama wa Ebenezeri, maana alijisifu kwamba hakuna kinachoyapita macho yake. Ukurasa wa thelathini na nne, Mzee Eliezeri anang'oa masale kwa jembe wakati waombolezaji wako kanisani wanaimba. Kipande hicho Elimringi alikitunga tu, akisimamia mtihani wa kidato cha pili. Mpango ulikuwa mwepesi: Krismasi ukoo wote ungepanda Mwika kutoka Dar na Arusha, kitabu kingekuwa kimeshapita mikono mingi, Ebenezeri angeona aibu, na mama yake angerudishiwa kahawa yake.

Kitabu kikafanya kazi, ila kwa mtu mwingine.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimekolea, Filemon aliingia dukani kununua kitabu cha nyimbo. Siku hizi alikuwa mzee wa kanisa kamili, mwenye koti na fimbo. Mama Mektrida alimtazama usoni, akampa ile nakala ya benchi avute nayo muda mpaka mvua ikatike. Mvua ilikatika, Filemon akabaki. Kesho yake alirudi akidai amesahau mwavuli, na mwavuli anao mkononi. Siku ya nne alikimaliza, akauliza mwandishi alikuwa wapi siku ya mazishi ya baba yake.

"Alikuwa mtoto wa miaka mitano, meku," Mama Mektrida alimjibu, akimwita mzee kwa Kichagga.

"Watoto wanaona mengi," alisema Filemon, akaondoka bila kitabu cha nyimbo.

Jumapili iliyofuata, Elimringi na mama yake wakiwa jikoni wanapika mtori, Filemon alisimama uani ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Mchagga akikujia na isale amekuja kuomba msamaha, na huna ruhusa ya kumkatalia. Mama alijifuta mikono, akatoka, mwanawe nyuma yake. Mzee alisema yote akiwa amesimama. Siku ile ya mazishi, watu wakiwa kanisani, yeye alibaki hapo kihambani na wachimba kaburi. Wenzake walipokwenda kunywa mbege, yeye alikuwa na jembe mkononi na hakuna aliyemtazama.

"Nilijua sikuonwa," alisema. "Kumbe mwanao aliniona. Wakati ni ule ule, jembe ni lile lile. Ila kijana amenisitiri, amemvika mtu mwingine makosa yangu. Mwalimu, asante kwa heshima hiyo. Masale yatarudi mahali pake wiki hii."

Mama alilia, akalipokea jani. Elimringi naye alilia, na kwa muda wa kama dakika tatu alikuwa mwandishi mwenye furaha kuliko wote wa mkoa ule. Dakika ya nne alimkumbuka Ebenezeri. Mtu huyo alibebeshwa wizi wa mwingine miaka thelathini, na yeye, mtoto wa kaka yake, alikuwa ameupiga chapa ule uongo na kuubeba begani mpaka mjini.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kabla ya fundi cherehani.

"Mama, naomba uvitoe vyote rafuni."

"Vimebaki vitano."

"Vingine kanunua nani?"

"Mteja akinunua kitabu kwangu ni kama ameungama kwa padri," alisema Mama Mektrida. "Lakini hebu niambie, kina kosa gani?"

Elimringi akamweleza. Mama Mektrida alisikiliza huku akipanga rula kwa ukubwa.

"Kingekaa kwenye vioo vya watalii, Filemon angekisomea wapi?" aliuliza. "Na kwenye simu yako, angebonyeza kidole gumba akaenda zake. Wewe ulimwandikia mtu mmoja, benchi likampa mwingine. Sasa kimerudisha shamba unataka nikifiche. Sikifichi, mwalimu. Njoo Jumamosi saa nne, uje na kalamu. Na ukiona kuna kingine unapaswa kuja nacho, njoo nacho."

Wiki hiyo Elimringi hakulala vizuri. Akienda kwa baba mdogo kuomba msamaha, ndipo atakapomfahamisha kwamba alitukanwa. Asipoenda, wa Dar watasoma, na atakayemwambia atamwambia kwa kicheko, mbele ya wake na watoto. Alitunga sentensi za kuombea radhi, akazikata, akatunga nyingine. Jumamosi alichuma isale mpakani, kwenye mstari ule uliokwisha kurudishwa mahali pake, akalifunga kwenye gazeti na kuteremka mjini hajui atalitumiaje.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Ebenezeri, kofia ya sufu kichwani, kitabu magotini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hapa ananiambia siku hizi mwandishi anaandika jina lake ndani ya kitabu, na mimi changu hakina. Niandikie."

Elimringi alipokea kitabu. Kalamu mkono mmoja, kitabu mkono wa pili, na gazeti alilolibana kwapani likamponyoka. Jani likalala sakafuni, refu na bichi, katikati yao. Mama Mektrida akageuka ghafla kutafuta kitu kwenye rafu ya madaftari.

Ebenezeri alilinyooshea kidole. "Hilo la kuwekea alama, siyo?"

Elimringi aliziacha zile sentensi zote. Akainama, akaliokota, akampa kwa mikono miwili. "Ndiyo, baba."

Mzee alilipokea, naye kwa mikono miwili. Kisha akachukua kitabu chake, akakifungua bila kupapasa, akalichomeka jani ukurasa wa thelathini na nne na kukifunga taratibu.

"Unaandika vizuri," alisema. "Nimekisoma mara mbili tangu mwezi wa kumi. Nyumbani nimewapa wote wakisome, nikawaambia ni mtoto wetu huyu. Nimekuta kosa moja tu."

"Nisamehe, baba."

"Hilo limeshapita. Kosa ni la mguu. Umesema wa kushoto." Akajiegemeza ukutani, akasimama. "Ni wa kulia. Uliteguka siku ile, nimebeba jeneza la baba yako, pale kwenye mteremko wa kwa Filemon, na sikuweza kuliachia. Ukichapa tena, rekebisha."

Akamwomba Mama Mektrida amfungie nakala nyingine mbili za wageni wa Dar, akaaga, akatoka. Elimringi alisimama mlangoni akamfuata kwa macho mpaka kwenye kona ya soko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaangalia.

Ulikuwa wa kulia.