Barua za Mfuko wa Nyuma

Maumivu ya Musyoka yalikuwa na anwani. Hayakuwa ya mgongo mzima, wala hayakuwa ya kiuno kama walivyodai wauza dawa. Yalikaa upande wa kulia, chini ya mshipi, juu kidogo ya tako, mahali padogo panapofunikwa na kidole gumba. Akiinuka kitini yanamchoma. Akipanda ngazi yanamchoma. Akijigeuza kitandani yanamwamsha na kumuuliza anakwenda wapi.

Musyoka alijua wa kulaumiwa. Wakubwa. Mbele ya duka la Aliasgar, Biashara Street, ambako alikuwa akipinda kingo za leso kwa cherehani ya miguu mwaka wa ishirini na mbili sasa, kulikuwa na mtaro usio na mfuniko. Kwa sababu ya mtaro, cherehani ilisogezwa kwenye baraza lenye mteremko. Kwa sababu ya mteremko, mgongo uliharibika. Jambo hilo halikuhitaji shule, na shule yenyewe aliiacha darasa la nne, kosa jingine la wakubwa.

"Yakhe, wewe mvua isiponyesha wailaumu serikali," alisema Jamaldin, fundi wa cherehani ya pili.

"Na ikinyesha pia. Nani aliuacha mtaro wazi?"

Alikuwa amejaribu dawa ya kuchua, iliyowaka kama pilipili na kuacha maumivu yakiwa yamepata joto. Mtu mmoja wa Bondeni alimwumika vikombe saba mgongoni. Alilala siku tatu bila kutoka, kama alivyoshauriwa na kila asiyeumwa, na siku ya nne akashindwa kuvaa suruali akiwa amesimama.

Aliporudi kazini, Aliasgar akatoka dukani na futi yake shingoni.

"Bwana fundi, sikufukuzi. Lakini Idi yaja, na leso hazijipindi zenyewe. Jumatatu kama huwezi kukaa mpaka adhuhuri, cherehani ataishika Dancan."

Dancan alikuwa fundi kijana wa miaka thelathini, mwenye mgongo mzuri ambao hakuufanyia kazi yoyote kuustahili.

Musyoka akakishika kiti chake. Haikuwa kazi tu. Kwenye kiti kile ndiko marehemu mkewe Nanjala alikomletea chakula cha mchana miaka yote, akiuruka mtaro na sufuria mkononi, akiutukana. Nyumbani kulikuwa na kitanda na ukuta. Barazani kulikuwa na Nanjala.

Alhamisi akaenda kliniki, akitembea kama mtu anayebeba ndoo upande mmoja. Mtaalamu wa viungo alikuwa mwanamke kijana, Nekesa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Nimekuja kupigwa picha."

"Mimi si daktari, na picha huenda isionyeshe kitu."

"Basi mashine zenu mbovu."

"Nionyeshe panapouma. Kwa kidole kimoja."

Akaonyesha. Nekesa akamwambia arudie, na kidole kikarudi palepale. Akamlaza chali, akamkunja mguu wa kulia, kifundo juu ya goti la kushoto, akaligandamiza goti kuelekea kitandani. Musyoka akayataja maumivu kwa Kikamba. Akamgandamiza nyonga huku na huku, naye akayataja tena. Alipompima nguvu za miguu na kumgusa nyayo kwa pamba, hakukuwa na la kutaja.

"Uti wako uko salama," Nekesa alisema. "Mshipa haujabanwa. Ni kiungo hiki, pale mwisho wa uti unaposhikana na mfupa wa nyonga. Kiko kulia na kushoto. Hakikunjiki kama goti, kinasogea kidogo mno, kazi yake ni kupokea uzito wa juu na kuushusha miguuni. Ukikipa uzito wa upande mmoja miaka mingi, kinakasirika."

"Nimeupata wapi uzito wa upande mmoja?"

"Hilo ndilo nataka kuliona. Kaa hapa, ushone."

Akakaa kwenye stuli na kukanyaga hewa kwa mguu wa kulia, mguu pekee aliowahi kuutumia. Nekesa akazunguka nyuma yake.

"Baba, mfuko wa nyuma mna nini?"

"Barua."

Zilikuwa kumi na moja, zimekunjwa pamoja, nene kama mkate wa mofa, zimejipinda kwa umbo la tako lake. Zote zilihusu mtaro. Ya kwanza Nanjala mwenyewe ndiye aliyemtuma akaandikiwe na mwandishi wa barua, na ofisini kwa wakubwa wakasema haijawahi kufika. Nanjala akasema karatasi ya mnyonge hukaa mwilini mwake. Ikaandikwa upya, na tangu siku hiyo kila barua iligongwa muhuri mara mbili, nakala ikaingia mfukoni. Nanjala alikufa kwa sukari, si kwa mtaro, lakini Musyoka hakuiona tofauti kubwa. Aliendelea kuandikiwa barua.

"Unakalia barua tangu lini?"

"Mwaka wa sita."

"Tako moja liko juu, jingine chini, na mguu mmoja tu ndio unaofanya kazi. Zitoe."

"Sitoi."

"Zitie mfuko wa shati."

"Mfuko wa shati huibiwa."

Nekesa akavuta mto. Akamfundisha kulala chali, magoti yamekunjwa, kubana mto katikati ya magoti, kisha kuinua nyonga polepole na kuishusha. Abadilishe mguu wa kukanyagia.

"Cherehani haijazoea mguu wa kushoto."

"Cherehani haijui mguu. Na usikae nusu saa bila kuinuka. Wala usirudi kulala siku tatu, kiungo hiki hakipendi kulala. Kuna mkanda wa kukizuia pia, lakini hapa hatuna."

"Nilijua hamna."

"Chukua leso uikunje mara nne. Usifunge kiunoni, funga chini, kwenye nyonga, ikaze. Saa za kazi tu. Miezi miwili utaona nafuu."

"Nina mpaka Jumatatu."

"Kiungo hakijui Jumatatu, baba. Lakini ukikaa sawa, Jumatatu yaweza kupita."

Nyumbani alikuwa na leso moja tu ambayo haikuwa ya mteja, ya Nanjala. Aliitoa sandukuni, akaikunja mara nne, akaitazama kwa muda. Halafu akafanya anachokijua. Akaipinda kwa mkono, mshono mdogo mdogo, akaacha mlango kama wa mfuko upande wa mbele. Barua kumi na moja akazitandaza humo, moja moja, mpaka zikalala bapa. Akajifunga. Zikamkaa tumboni.

Jumatatu Dancan alikuwa amefika mapema na mto wake wa kukalia. Jamaldin ndiye aliyeliona pindo likichungulia chini ya shati.

"Subhanallah! Musyoka amefunga kibwebwe! Ngoma ya chakacha ni wapi, bwana, nasi tuje?"

"Ni mkanda wa hospitali."

"Una maua?"

"Serikali haina wa rangi moja."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, baraza lilikuwa karibu sawa, ingawa hakuna aliyekuja kulitengeneza. Hilo hakulisema. Akakanyaga kwa kulia, akahamia kushoto, na leso ya kwanza ikatoka na pindo kama njia ya mlevi. Akaifumua, akaanza upya. Ya tatu ilinyooka. Kila Jamaldin alipomaliza leso mbili yeye aliinuka, akasimama, akakaa tena. Palikuwa pakiuma, lakini kama mtu anayenung'unika chumba cha pili.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Aliasgar akatoka. Musyoka akainuka bila kushika ukuta.

"Umepona, fundi?"

"Bado. Nakaa tu."

Aliasgar akazitazama leso, akapitisha kidole kwenye pindo. "Basi kaa." Akamgeukia Dancan. "Nitakuita."

Dancan akakumbatia mto wake na kuondoka kwa hasira, macho juu.

"Mtaro," alisema Musyoka.

Dancan akauruka.

Ijumaa Musyoka akaenda kwa mwandishi wa barua, nje ya posta. Akamwambia aandike ya kumi na mbili, ya mtaro kama kawaida, na humo atie kiungo cha nyonga ya kulia.

"Kiungo kinahusiana nini na mtaro?"

"Andika."

Mwandishi akamsogezea kiti.

"Nimekatazwa kukaa sana," alisema Musyoka, akabaki amesimama, mkono tumboni, akipapasa kama mkandani bado kuna nafasi ya nakala moja.