Kibuyuni Hakuna Mgonjwa wa Macho

Afisa wa bajeti alisoma karatasi zake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzisoma katika vijiji vinne tangu asubuhi. Fedha za barabara, fedha za visima. Watu walikuwa wamejaa ndani ya hema mbele ya ofisi ya chifu, na Mwanarusi alikaa safu ya tatu, amempakata bintiye Zulekha, ingawa mtoto alishatimiza miaka saba na miguu yake ilikuwa ikiburura chini. Kisha afisa akafika kwenye fedha za macho ya watoto: kupimwa shuleni, miwani, na upasuaji kwa anayehitaji, bila ya mzazi kutoa hata senti.

"Kibuyuni," akasema, akainua uso. "Hongereni. Watoto mia moja na themanini walipimwa mwezi wa tatu, na mwenye tatizo hakupatikana hata mmoja. Kwa hivyo tunapendekeza fungu lenu la mwaka ujao lipelekwe bara, kwa wafugaji. Kuna mwenye neno?"

Watu wakapiga makofi. Mungu awasamehe, maana miongoni mwao walikuwamo akina mama wasiopungua kumi waliojua vizuri afya hiyo ilitoka wapi.

Mwanarusi hakupiga. Yeye ndiye aliyeianzisha.

Wiki moja kabla ya upimaji, walimu walibandika darasani karatasi ya kupimia ili watoto waizoee. Ilikuwa na alama moja tu, kama kitana chenye meno matatu, iliyogeuzwa huku na huku, mistari saba, kubwa juu na ndogo chini. Mtoto alitakiwa aseme meno yameelekea wapi, jicho moja likiwa limefunikwa, kisha la pili. Wiki hiyohiyo likazuka neno, na neno la namna hiyo halina mama wala baba: atakayeshindwa atachukuliwa, apelekwe shule ya bweni ya wasioona, huko mbali, arudi nyumbani mara mbili kwa mwaka.

Jicho la kulia la Zulekha liliona hata punje ya mchanga ndani ya wali. La kushoto lilikuwa kama halipo. Mwanarusi alilijua hilo tangu siku alipomwona akicheza kibe, mchezo wa kujificha na kutafutana, amefumba jicho la kulia, akaupiga mlango kwa paji la uso. Basi siku ya zamu yake ya kupika uji shuleni, aliingia darasani, akaitazama ile karatasi mara tatu, akatoka nayo kichwani. Huyu ni mwanamke aliyehifadhi juzuu mbili za Kurani kabla hajajua kuandika jina lake. Jioni alimkalisha Zulekha mkekani, akamfundisha kama alivyofundishwa yeye chuoni, mstari kwa mstari, wakiyumba mbele na nyuma: juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu.

Jirani yake, mwanamke aitwaye Randu, alipita, akasikia, akauliza. Mwanarusi akampa kwa ajili ya mwanawe Amin. Ungeweza kumnyima jirani? Ilipofika bamvua, bahari ikakupwa mbali, wanawake walikuwa wamesimama majini hadi magotini, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba na kuimba mistari yote saba. Kijiji kinachohifadhi Kurani kingeshindwa na mistari saba? Siku ya kupimwa watoto walijibu kama mvua, mpaka Bi Kadzo, muuguzi wa macho, akawasifu.

Baadaye habari zikaja kutoka kijiji cha jirani. Watoto walioshindwa kule walipewa miwani, wakalala kwao usiku uleule. Hakuchukuliwa mtu. Mwanarusi alizisikia, akanyamaza miezi sita, kwa haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na macho nayo yana namna yake ya kuumbua.

Sasa akasimama. Randu, aliyekaa nyuma yake, akamvuta leso.

"Kaa chini! Watutia aibu mbele za watu."

"Aibu ishaingia, Randu. Niache." Akamgeukia afisa. "Ripoti yako si ya kweli, mwanangu, na wala si kosa lako. Sisi tumewafundisha watoto majibu. Mimi ndimi niliyeanza, kwa huyu Zulekha wangu, jicho lake la kushoto halioni."

Afisa akakohoa. "Mama, hii imeandikwa na wataalamu."

"Imeandikwa na mimi," akasema Bi Kadzo kutoka mwisho wa benchi. Alikuwa mtu mzima, mpole, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira. Alitoa karatasi mkobani, akaitundika kwenye nguzo ya hema, akamwita Zulekha, akamfunika jicho la kulia kwa pamba na plasta. "Haya mwanangu, niambie unachokiona."

Mwanarusi alitaka kumwambia mtoto aseme kweli. Bi Kadzo akamwashiria anyamaze.

Zulekha akanyoosha mgongo. "Juu, kulia, chini, chini, kushoto, juu." Aliendelea mpaka mstari wa saba, kwa sauti safi, akiyumba kidogo. Wengine walianza kutabasamu. Kisha mmoja mmoja wakaitazama karatasi, na tabasamu zikawatoka.

"Nimeitundika kichwa chini miguu juu," akasema Bi Kadzo. "Hakuna alama hata moja aliyoipata."

Afisa alitazama karatasi, akamtazama mtoto, akachukua kalamu na kuukata ule mstari wa Kibuyuni. Akasema fungu litabaki na watoto watapimwa upya, wote. Nyuma, Randu alikuwa amesimama. "Na Amin wangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo. Akasimama na mwingine.

Bi Kadzo alimsogelea Mwanarusi. "Jicho hili lilitaka matibabu mapema. Likikaa bila kazi, ubongo hulisahau. Tutajaribu, mama, lakini siwezi kukuahidi kitu. Miezi sita ni mingi kwa mtoto."

Mwanarusi akapiga magoti pale mchangani, akamnyooshea Zulekha mikono.

Mtoto, plasta ingali juu ya jicho la kulia, aliwageukia watu kumtafuta mamake. Akaja mbiombio, akicheka. Akampita Mwanarusi kwa hatua moja, akamkumbatia Randu kiunoni.

"Mama," akamwambia, "sikukosa hata moja."